Mjomba ana limfoma adimu ya utumbo mwembamba: kila picha inasema nini, na tumfuatilieje tukiwa huku Mtwara?

Mpwa wa Newala

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari za kazi. Ninaandika kwa niaba ya mjomba wangu, mdogo wake marehemu mama, mkulima wa korosho mwenye umri wa miaka 54. Alianza kuumwa tumbo mwezi wa sita, siku zile zile za kupulizia salfa kwenye mikorosho, na sote tukaamini kwamba ni vumbi la salfa lililomwingia. Kufikia mwezi wa nane alikuwa amekonda kiasi cha kufunga suruali kwa kamba, anaharisha, na chakula hakimpiti. Katika hospitali ya kwanza tuliyompeleka alipigwa ultrasaundi, na karatasi ya majibu ilisema kwamba ukuta wa utumbo umenenepa, kuna mitoki tumboni na maji kidogo, na kwamba inahisiwa ni kifua kikuu cha tumbo. Alianzishiwa dawa za kifua kikuu bila kuchukuliwa kinyama. Katika wiki ya tano, usiku, tumbo lilikaza kama ubao. Tukamkimbiza, akafanyiwa upasuaji wa dharura, na utumbo mwembamba ukakutwa umetoboka. Walikata kipande cha sentimita 30 hivi na kuunganisha.

Kipande hicho ndicho kilichotoa jina la ugonjwa. Majibu ya patholojia, yaliyochukua wiki kadhaa kwa sababu vipimo vya ziada vya kutambua aina ya seli vilifanyika mbali, yanasema ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga za mwili, ya aina ya seli T ya utumbo, ile ambayo seli zake hufanana kwa umbo na ukubwa na hupenya utando wa ndani wa utumbo. Imeandikwa kuwa CD8 na CD56, ambazo ni alama za kutambulisha seli, ni chanya. Tumeambiwa ni ugonjwa adimu. Sasa anahudhuria kliniki ya saratani Dar es Salaam na amekwisha kupata mizunguko 2 kati ya 6 ya dawa, kila baada ya siku 21.

Ninaomba kuelewa mambo ambayo kliniki hatukupata nafasi ya kuyauliza. Ultrasaundi ile ilikoseaje? CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande) aliyopigwa baada ya upasuaji inasema kuna unene wa ukuta wa utumbo karibu na mshono na mitoki midogo kwenye utando unaoshikilia utumbo. Tutajuaje kama huo ni ugonjwa au ni jeraha linalopona? Je, ni lazima kila kipimo cha kumfuatilia kifanyike Dar, wakati kila safari inataka nauli za watu wawili, malazi, na mkaza mjomba kuacha shamba? Ndugu zetu wa mjini wanasema tuuze sehemu ya mikorosho ili apigwe PET, nami sijui kama hiyo ni tiba au ni picha tu.

Mtaalamu wa mionzi, Lindi

Marahaba mwanangu, na poleni nyote. Nimefanya kazi ya kupiga picha za tiba katika mkoa huu kwa zaidi ya miaka 20. Ugonjwa wa mjomba wako kwa jina lake kamili sijawahi kuuona. Limfoma nyingine za tumbo nimeziona, na kifua kikuu cha tumbo nimekiona mara nyingi mno.

Nianze na ultrasaundi, kwa sababu naona ndiyo inayowauma. Mashine ile haionyeshi jina la ugonjwa. Inaonyesha unene, maji na mitoki. Ukuta wa utumbo wenye afya kwa kawaida hauzidi milimita 3. Ukinenepa na tabaka zake zikapotea, huonekana kwenye skrini kama pete nyeusi yenye kiini cheupe, na ukitazamwa kwa urefu hufanana na figo mahali ambapo figo haipo. Picha hiyo huletwa na limfoma, huletwa na kifua kikuu, huletwa hata na utumbo uliojimeza. Kwa huku kwetu, ambako kifua kikuu ni ugonjwa wa kila siku, aliyeisoma kuanza kukifikiria hakukosea hata kidogo. Kilichokosekana ni kinyama, na hilo ninalisema kwa uchungu kwa sababu wiki tano ni nyingi kwa ugonjwa kama huu.

CT yenye kontrasti, yaani dawa ya kung'arisha picha, inasogea mbele zaidi. Mitoki ya kifua kikuu mara nyingi huoza katikati, kwa hiyo kontrasti hung'arisha ukingo wake tu. Ya limfoma ambayo haijatibiwa kwa kawaida hung'aa sawasawa. Kifua kikuu hupenda pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, na huacha makovu yanayobana njia. Limfoma hula misuli ya ukuta bila kuacha kovu gumu, ndiyo maana utumbo uliovimba vibaya unaweza kutanuka badala ya kubana, na mgonjwa akaendelea kupata choo mpaka siku unapotoboka. Hata hivyo, ukiniwekea picha kumi mezani nitakosea katika baadhi yake, na daktari bingwa wa radiolojia aliye mkweli atakwambia hivyo hivyo. Jina hutoka kwa mpatholojia. Ombeni kipande kile kilichohifadhiwa kwenye nta kisipotee, kwa sababu huenda wakakihitaji tena.

Kuhusu mshono: CT iliyopigwa wiki chache baada ya upasuaji haiwezi kutenganisha uvimbe wa kupona na masalia ya ugonjwa kwa uhakika. Itakayojibu swali lako ni CT ya pili ikilinganishwa na hii. Jeraha la kupona hupungua lenyewe. Limfoma iliyobaki, ikiitikia dawa, nayo itapungua, na isipoitikia itanenepa au mitoki itaongezeka. Kwa maana hiyo CT mnayoiona haisemi kitu ndiyo yenye thamani kuliko zote mlizonazo, kwa kuwa ndiyo kipimo cha kuanzia.

Sasa nikuulize: mnazo picha zenyewe, au karatasi ya majibu peke yake? Ombeni diski. Filamu nyingi za siku hizi huchapwa kwa joto, na joto huziharibu. Kuna mgonjwa aliyeniletea bahasha ya kaki iliyosafiri juu ya dashibodi ya gari kutoka Nachingwea mchana kutwa. Nilipoichomoa filamu na kuinyanyua dirishani, haikupitisha mwanga hata wa kuonyesha mbavu. Ilibidi apigwe upya, na picha ya kabla ya dawa ndiyo ikawa imekwenda hivyo.

Ombeni pia majibu yaandikwe kwa namba: ukuta una unene wa milimita ngapi, mtoki mkubwa kuliko yote una urefu gani na uko upande upi. Katika vigezo vya limfoma vinavyoitwa vya Lugano, vya mwaka 2014, mtoki uliozidi sentimita 1.5 kwa urefu ndio huhesabiwa kuwa si wa kawaida. Neno "midogo" halimsaidii atakayesoma picha ya pili. CT siku hizi inapatikana Mtwara mjini, kwa hiyo hiyo haina haja ya kuwa Dar, mradi daktari wenu wa saratani akubali na ipigwe kwa namna ile ile, kontrasti ya mshipani ikiwemo.

Mama wa Kilwa Masoko

Pole sana dada. Mwanangu wa miaka 7 alikuwa na limfoma ya Burkitt tumboni, ile aliyoieleza daktari Denis Burkitt huko Uganda mwaka 1958, na tulitibiwa Dar es Salaam. Kwake ultrasaundi ilikuwa ndiyo picha kuu. Kabla ya kila mzunguko wa dawa alilazwa kitandani, akapakwa ile jeli ya baridi, na daktari alimwonyesha kwa kidole doa jeusi kwenye skrini, mara ya tatu mtoto mwenyewe aliuliza, "Limekwenda wapi?" Ninaandika haya kukutia moyo, ila pia kukutahadharisha usilinganishe. Niliambiwa Burkitt hukua kwa kasi ya kujizidisha mara mbili ndani ya siku moja au mbili, na kwa sababu hiyo hiyo huyeyuka haraka ikikutana na dawa. Ya mjomba ni limfoma ya aina nyingine, msikate tamaa mkiona inapungua polepole.

Muuguzi mstaafu, Tandahimba

Kabla ya CT yenye kontrasti hakikisheni kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, imepimwa karibuni, kwa sababu mtu aliyeharisha kwa miezi na kupungukiwa maji anaweza kuwa na figo zilizochoka bila dalili. Kama anatumia metformini kwa ajili ya kisukari, semeni mapema bila kusubiri kuulizwa. Na mpimeni uzito kila Ijumaa asubuhi kwa mizani ile ile, muandike kwenye daftari. Nimewaona wagonjwa ambao daftari la uzito lilishtua kabla ya picha yoyote.

Ningependekeza pia apigwe ultrasaundi hapo Newala kabla ya kila safari ya Dar. Ni nafuu na haina mionzi.

Mpwa wa Newala

Ahsanteni mno. Diski ya CT tunayo, nimeikuta kwenye mfuko wa mkaza mjomba ikiwa imefungwa ndani ya kanga. Picha za ultrasaundi ya kwanza hazipo, iliyobaki ni karatasi. Mjomba hana kisukari. Nimebakiwa na suala la PET, kwa sababu mnunuzi wa shamba amekwisha kuja kuliangalia mara mbili na wajomba wengine wanataka jibu.

Daktari, mzaliwa wa Masasi

Dada, naomba mnunuzi huyo asubiri. Mimi ni daktari ninayesomea ubingwa wa radiolojia, na ninaandika kwa kirefu kwa sababu familia nyingi za kwetu zimeuza mali kwa ajili ya kipimo kabla ya kujua kingewaambia nini.

PET ni picha, si tiba. Mgonjwa huchomwa sukari iliyofungwa kwenye florini 18 yenye mionzi, akapumzika kwa muda wa saa moja, kisha mashine hutazama ni wapi sukari hiyo imekusanyika. Seli za limfoma nyingi hula sukari kwa pupa, kwa hiyo hung'aa. CT inakuonyesha kwamba kuna uvimbe wa sentimita 2. PET inakuonyesha kama uvimbe huo bado una uhai. Baada ya matibabu tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu mara nyingi hubaki kovu ambalo CT hulihesabu kama uvimbe.

Sababu ya kutoipata Mtwara ni ya kifizikia. Florini 18 hupungua nusu kila baada ya dakika 110, na hutengenezwa kwa mtambo wa saiklotroni. Ukiipakia kwenye gari Dar es Salaam na kuteremka nayo kwa saa 9, itafika ikiwa imebaki takriban sehemu moja ya thelathini. Ndiyo maana huduma hii hukaa karibu na mitambo hiyo katika miji mikubwa kama Nairobi.

Majibu ya PET husomwa kwa vipimo vya Deauville, mji wa Ufaransa ambako wataalamu walikubaliana mwaka 2009, kuanzia 1 hadi 5. Mng'ao hulinganishwa na ule wa damu katikati ya kifua na ule wa ini. Ukiwa 1 au 2 ni habari njema, 3 mara nyingi nayo huchukuliwa hivyo, 4 ni zaidi ya ini, na 5 ni zaidi sana au ni madoa mapya. Katika utumbo, hata hivyo, kuna mtego: utumbo wenye afya nao hung'aa kwa viwango tofauti, metformini huongeza mng'ao huo kwa kiasi kikubwa, na mshono unaopona hung'aa pia. Limfoma ya mjomba wako nyingi hufyonza sukari, ila si zote kwa nguvu ile ile. Yeye hakupigwa PET kabla ya kuanza dawa, kwa hiyo hatujui uvimbe wake uling'aa kiasi gani, na PET ya katikati ya matibabu ingekuwa ngumu kuisoma. Kama itahitajika, mahali pake pa maana zaidi ni mwisho wa dawa, na ingefaa kusubiri wiki 6 hadi 8 baada ya mzunguko wa mwisho ili uvimbe wa muda unaoletwa na dawa utulie.

Swali la kumwuliza daktari wenu wa saratani ni hili: PET ikiwa chanya utabadilisha nini, na ikiwa hasi utabadilisha nini? Akisema matibabu yatakuwa yale yale kwa vyovyote vile, fedha za mikorosho zitumike kwa chakula chake, nauli na dawa. Akisema kwamba jibu hilo litaamua kama aongezewe dawa au apelekwe kwenye upandikizaji wa seli za uboho, hapo kipimo kina kazi, na familia ina haki ya kukitafuta.

Kuhusu pendekezo la mama muuguzi, ninakubaliana nalo kwa sehemu. Ultrasaundi ya Newala itaona maji tumboni, mitoki mikubwa na unene ulio karibu na ngozi. Hewa ndani ya utumbo huiziba kabisa, na utumbo mwembamba una mikunjo mingi inayojificha nyuma ya hewa hiyo, kwa hiyo ultrasaundi isiyoonyesha kitu isiwafanye mwahirishe CT. CT ya tumbo nayo ina mionzi, takribani ile ambayo mtu huipata kutoka katika mazingira kwa miaka mitatu au zaidi. Kwa mgonjwa huyu faida ni kubwa kuliko hofu hiyo, lakini kuipiga kila mwezi kwa ajili ya kutuliza moyo sikubaliani nako. Baada ya mzunguko wa 3 au wa 4, kisha mwisho wa dawa, kisha kwa dalili na kwa mpango wa kliniki. Mtu akiwashauri kamera ya kumeza, ile ya kapsuli, mkataeni kwanza: penye utumbo uliounganishwa na pengine kuna sehemu iliyobana, kapsuli inaweza kukwama na kuhitaji upasuaji mwingine.

Nimeacha kwa mwisho jambo ambalo lingenifanya niwapigie simu kama ningekuwa na namba yenu. Limfoma hii mara nyingi huota katika unene wote wa ukuta wa utumbo, na mara nyingi huwa katika sehemu zaidi ya moja. Dawa inapoiyeyusha haraka, pale ilipokuwa panaweza kubaki tundu, hasa katika mizunguko ya mwanzo. Prednisoloni, ambayo kwa kawaida huwamo katika dawa zake, huficha dalili: tumbo linaweza lisikaze kama lilivyokaza mara ya kwanza, na homa isipande. Akipata maumivu mapya ya ghafla, au tumbo likajaa, au mapigo ya moyo yakaenda mbio, msisubiri tarehe ya Dar wala msimpe dawa ya maumivu alale. Nendeni usiku huo huo kwenye hospitali ya karibu yenye eksirei, mseme "ana limfoma ya utumbo na yuko kwenye kemo", na muombe eksirei ya kifua akiwa amesimama au ameketi wima kwa dakika chache kabla ya kupigwa. Hewa iliyotoka kwenye tundu hupanda juu na kukaa kama mwezi mwandamo mweusi chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, juu ya ini. Ikionekana, ni safari ya chumba cha upasuaji. Isipoonekana na bado anaumwa, asirudishwe nyumbani. CT itaona hewa ndogo ambayo eksirei imeikosa.

Mtaalamu wa mionzi, Lindi

Ninaunga mkono hilo la eksirei kwa mikono miwili. Wengi hupigwa wakiwa wamelala kwa sababu wana maumivu, na mgonjwa akilala hewa hutandaa mbele ya tumbo na picha haionyeshi kitu. Kama hawezi kuketi, mwambieni mpiga picha amlaze kwa ubavu wa kushoto, mionzi ipite kwa mlalo. Hewa itaonekana pembeni mwa ini.

Mpwa wa Newala

Nimeyasoma yote kwa sauti jana jioni, mjomba akiwa kwenye mkeka chini ya mwembe na wajomba wenzake wamemzunguka. Mnunuzi ameambiwa asubiri. Nilimpelekea daktari wa Mtwara ile diski, akaipima upya mbele yangu na kuniandikia juu ya bahasha: ukuta karibu na mshono milimita 11, mtoki mrefu kuliko yote sentimita 1.8, upande wa kushoto wa kitovu. Kliniki ya Dar imekubali kwa simu kwamba CT ya baada ya mzunguko wa 3 ipigwe Mtwara, kreatinini ikipimwa siku moja kabla. Uzito wa Ijumaa ulikuwa kilo 49, umepanda kwa nusu kilo.

Swali langu la mwisho: siku ya CT nibebe diski ya zamani Mtwara, au niitunze kwa ajili ya Dar isije ikapotea?

Daktari, mzaliwa wa Masasi

Ibebe Mtwara, na umwombe msoma picha aifungue kabla ya kusoma mpya. Kabla ya siku hiyo toeni nakala mbili, moja ibaki kwenye kanga ya mkaza mjomba. Karatasi ya patholojia ipigwe picha kwa simu na iende pamoja na diski.